Kitunguu Saumu, Kikolezo cha Kupunguza Chumvi

Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa Tabora akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, aliandika kwamba kwa Waarabu wakubwa wa mji, mgeni aliweza kupata vitunguu, vitunguu saumu, pilipili, matango, nyanya na bilinganya, na kwamba kandokando ya tembe zao walipanda michungwa, milimau, mipapai na miembe. Saumu basi ina zaidi ya miaka 150 katika jiko la Unyanyembe, eneo la Tabora. Mbele zaidi kwenye njia ya misafara iliyopita Tabora, ukielekea Ujiji, kuna Uvinza, ambako watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi hadi yakauke, na chumvi yake ikawa bidhaa ya kuthaminiwa hadi Unyamwezi kwa sababu ilikuwa adimu. Leo chumvi haina uadimu wowote: ni rahisi, iko kila duka, na mkono wa mpishi hauihesabu. Hapo ndipo saumu inapoingia katika elimu ya afya. Faida yake kubwa kwa kaya ya Tabora ni kwamba inamwezesha mpishi kupunguza chumvi bila chakula kuwa chapwa. Faida nyingine zinazosemwa juu yake zipo, ila ni ndogo kuliko sifa zake.

Chumvi ikizidi mwilini huvuta na kuzuia maji, damu huongezeka ujazo, na mishipa hubeba mzigo ambao mwenyewe hausikii. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo chumvi yote: ya mboga, ya mkate, ya samaki waliokaushwa kwa chumvi, ya chipsi za jioni na ya vikolezo vya paketi. Hesabu hiyo unaweza kuifanya nyumbani. Kaya ya watu wazima sita inayomaliza pakiti ya nusu kilo kabla ya siku 16 imekwisha kuvuka kiwango, hata kabla ya kuhesabu kile kilicholiwa nje. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini ana shinikizo kubwa la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Tusikimbilie upande wa pili tukaacha chumvi kabisa, kwa sababu chumvi ya dukani ndiyo inayotuletea madini joto yanayokinga rovu na kumlinda mtoto aliye tumboni. Nunua yenye madini joto, kisha itie kidogo.

Sasa tutazame kinu. Punje nzima ya saumu karibu haina harufu. Ndani yake kuna kiini kiitwacho aliini na kimeng'enya kiitwacho alinasi, kila kimoja kimekaa mahali pake. Mchi ukishapasua punje, viwili hivyo hukutana na kutengeneza alisini, kemikali iliyotambuliwa mwaka 1944, na hiyo ndiyo yenye ule ukali unaopanda puani. Moto huua kimeng'enya. Ukitupa punje moja kwa moja kwenye mafuta yanayochemka, umekiua kabla hakijafanya kazi. Twanga kwanza, iache kama dakika kumi huku ukikata nyanya, halafu ndipo upike. Kitunguu maji kitangulie kwenye mafuta, saumu ifuate kikishalainika, maana saumu huungua upesi, na ikiungua huwa chungu. Kwa kisamvu, punje nne au tano zitwangwe pamoja na majani, kisamvu kichemke sawasawa kwa muda mrefu ili sumu ya muhogo iishe, kisha ndipo karanga ziingie. Nsansa, maharage, uyoga wa miombo wakati wa masika, migebuka na dagaa wa Kigoma, vyote vinaikubali. Chumvi iwe ya mwisho: tia nusu ya ulichozoea, onja, kisha amua. Wanaopunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa huona ulimi umezoea, na chakula cha zamani kinaanza kuwakera kwa chumvi.

Wapo watakaosema tunaipunja saumu, kwa kuwa wazee waliitumia kama dawa na imewafaa. Hoja hiyo inastahili jibu la heshima. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walijumlisha majaribio 11 wakaona kwamba kwa wagonjwa wa shinikizo la damu, saumu ilishusha namba ya juu ya kipimo kwa wastani wa pointi 8 hivi. Si jambo la kudharau. Lakini majaribio hayo kwa sehemu kubwa yalitumia vidonge vya unga wa saumu vilivyopimwa, kila siku kwa wiki nyingi, na punje za kwenye mchuzi haziwezi kuahidi vilevile. Kuhusu lehemu, jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford lililochapishwa mwaka 2007 liliwafuatilia watu wazima 192 kwa miezi sita, na wala saumu mbichi wala vidonge vyake havikushusha lehemu mbaya. Mafua ushahidi wake ni mchache mno. Malaria haitibiwi kwa saumu, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna ushahidi kuwa inakinga korona.

Gharama ya kuifanya chakula hiki kuwa dawa tumeiona Afrika Kusini, ambako waziri wa afya Manto Tshabalala-Msimang aliinadi saumu pamoja na kiazisukari na limau kwa wenye virusi vya ukimwi wakati serikali ikichelewesha dawa. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kuwa ucheleweshaji huo uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Saumu haikuwaua watu hao. Waliuawa na kukosa dawa iliyokuwapo. Kwa hiyo anayemeza vidonge vya presha, vya kisukari au vya kufubaza virusi aendelee navyo, na saumu aile kwenye mboga.

Tahadhari chache zinatosha. Saumu mbichi iliyopondwa isifungwe kwenye ngozi ya mtoto wala kwenye kidonda, kwa kuwa huunguza hadi kutoa malengelenge. Saumu nyingi hupunguza uwezo wa damu kuganda, hivyo anayetumia dawa ya kuyeyusha damu, au anayengoja upasuaji, amweleze daktari ikiwa anaila kwa wingi au anatumia vidonge vyake. Usiihifadhi kwenye chupa ya mafuta mezani kwa siku nyingi, kwani humo huweza kuzaliana kijidudu cha sumu kali ya kupoozesha bila harufu kubadilika. Mwaka 1985 watu wengi waliugua hivyo mjini Vancouver, Kanada. Vichwa vikavu, vigumu, visivyo na ukungu mweusi, vikae mahali pakavu penye hewa, si ndani ya mfuko wa plastiki.

Mama na baba wa nyumba, anzeni na sufuria ya leo jioni: saumu iwe imetwangwa mapema, chumvi iwe nusu. Na kila mtu mzima nyumbani, hata asiyeumwa chochote, aende zahanati au Hospitali ya Kitete akapimwe presha, arudi na namba zake zimeandikwa.