Asilimia Moja Haitoshi: Jinsi ya Kukokotoa na Kusoma Masafa ya Uhakika

Mnunuzi wa mahindi hamwagi gunia zima chini ili alikague. Huchoma bambo ubavuni, punje zikateremka kiganjani, akazigeuzageuza kwa kidole gumba, akatia moja mdomoni kusikia ukavu wake, ndipo akataja bei. Kiganja kile ndicho sampuli. Mnunuzi mzoefu haapi kwamba mbovu ni asilimia 8 kamili. Husema si chini ya tano, wala hazizidi kumi na mbili. Makadirio ya namna hiyo, yenye ncha ya chini na ncha ya juu, ndiyo tutakayoyaita hapa masafa ya uhakika. Mwanafunzi anayeanza takwimu, au mhudumu wa afya ya jamii anayesoma ripoti, anaweza kuyamudu kwa kalamu na kikokotoo cha simu.

1. Chota sampuli kwa haki

Tuseme unataka kujua ni asilimia ngapi ya kaya za Matuga, katika kaunti ya Kwale nchini Kenya, hazina choo. Ukifuata lami ya Likoni–Lunga Lunga, ukabisha hodi Ng'ombeni, Waa na Tiwi pekee, umewaacha nje watu wa Mkongani na Kubo. Kosa hilo halitibiwi na kanuni yoyote ya hesabu. Pata orodha ya kaya zote, kisha uchague kwa kura ili kila moja iwe na nafasi sawa ya kuchaguliwa.

2. Piga hesabu

Umetembelea kaya 400, na 80 hazina choo. Uwiano ni 80 kwa 400, yaani 0.20.

- Zidisha 0.20 kwa 0.80 (sehemu iliyobaki): 0.16.
- Gawanya kwa 400: 0.0004.
- Tafuta kipeuo cha pili: 0.02. Hili ndilo kosa sanifu.
- Zidisha kwa 1.96, namba ya kiwango cha uhakika cha 95%: 0.039.
- Toa, kisha jumlisha, kwenye 0.20.

Jibu lako ni asilimia 20, na masafa yake yanaanzia 16.1 hadi 23.9. Ukitaka yapungue upana kwa nusu, kaya 800 hazitoshi. Utahitaji 1,600, mara nne ya zile za kwanza, kwa sababu ya kile kipeuo cha pili.

Kabla ya kuyaamini, hakikisha wenye choo na wasio nacho wote wamefika angalau 10 katika sampuli yako. Hesabu hii huharibika pembeni. Ukipima watoto 30 usipate hata mmoja mwenye minyoo, itakupa sifuri hadi sifuri, kana kwamba minyoo haipo kabisa. Hapo tumia kanuni ya tatu: gawanya 3 kwa idadi uliyopima. Tatu kwa 30 ni asilimia 10, na hiyo ndiyo ncha yako ya juu.

3. Ielewe hiyo 95%

Wengi hujikwaa hapa. Fikiria mvuvi na dema lake, na samaki aliyetulia mwambani asisogee. Kinachohama ni dema, linaloshushwa leo hapa na kesho pale. Ukweli kuhusu Matuga ni yule samaki: upo mahali pamoja, ingawa hatuuoni. Kila sampuli mpya ni dema jipya. Mwaka 1937 mwanatakwimu Jerzy Neyman alilieleza jambo hili kwa misingi ya hisabati: ukirudia kazi ileile mara nyingi, takriban madema 95 katika kila 100 yatamnasa samaki. Kwa hiyo 95% ni sifa ya njia unayotumia. Dema moja ulilonalo mkononi ama limemnasa ama limemkosa.

4. Linganisha ncha kwa ncha

Kwale ina mfano mzuri. Mradi wa TUMIKIA, wa mwaka 2015 hadi 2017, uligawa vitengo 120 vya jamii katika makundi matatu ili kupima njia za kupambana na minyoo, hasa safura. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet. Baada ya miaka miwili, palipotibiwa watoto kupitia shule mara moja kwa mwaka, safura ilikuwa asilimia 13.8 (10.5 hadi 17.0). Palipotibiwa jamii nzima mara moja kwa mwaka, ilikuwa 8.0 (6.0 hadi 10.1). Palipotibiwa jamii nzima mara mbili kwa mwaka, 6.2 (4.9 hadi 7.5).

Masafa ya kundi la kwanza na la pili hayagusani, na hiyo ni dalili nzito kwamba kutibu jamii nzima kulisaidia zaidi. Ya kundi la pili na la tatu yanaingiliana, kwa hiyo usikimbilie kutangaza mshindi. Ila kuingiliana pekee hakuthibitishi kwamba makundi ni sawa; kokotoa masafa ya tofauti yenyewe.

5. Jihadhari na makundi

Mwanzoni mwa utafiti wa TUMIKIA, kundi la shule lilikuwa na safura asilimia 18.6 (13.9 hadi 23.2). Mbona masafa mapana hivyo, ilhali walipimwa maelfu? Kanuni yetu ya juu, kwa watu 4,000, ingetoa karibu asilimia 1.2 tu kila upande. Sababu ni kwamba majirani hufanana: ardhi moja, vyoo vilevile, watoto wanacheza pamoja. Watu 100 wa kijiji kimoja hawakupi habari ya watu 100 waliotawanyika kaunti nzima. Ukichagua vijiji badala ya kaya mojamoja, mwombe mtaalamu akokotoe kwa kuzingatia makundi.

6. Amua kwa kutazama ncha zote

Rudi kwenye vyoo. Katika eneo lenye kaya 10,000, asilimia 20 ni kaya 2,000. Masafa yanakuambia huenda ni 1,610, huenda ni 2,390. Ukipanga bajeti ya vyoo 2,000 kamili, kaya karibu 400 zinaweza kubaki zikienda vichakani baada ya mradi kufungwa. Mtu akikusomea asilimia moja kavu mkutanoni, muulize: walipimwa wangapi, walichaguliwaje, na ncha zake ni zipi?