Safari Yetu ya Kwanza Katika Meli



Je, umewahi kupanda meli? Mimi sikuwahi mpaka mwaka 2021. Nilizaliwa Magu, karibu na Ziwa Victoria. Nimeteka maji ya ziwa hili, nimefulia nguo humo, nimekula samaki wake. Lakini kulivuka, hapana. Leo nakusimulia safari yetu ya kwanza, ili nawe ukisafiri ujue la kufanya.

TULIVYOJIANDAA

Tulikuwa marafiki sita. Tulijuana katika darasa la kisomo cha watu wazima. Tulipomaliza hatukuachana. Tulianzisha mfuko wa akiba. Kila tulipouza pamba, kila mtu aliweka kidogo.

Mwaka huo tukaulizana: "Fedha hizi tuzifanyie nini?" Mmoja alitaka tugawane. Rafiki yetu fundi baiskeli akasema, "Kila siku tunasoma habari za miji. Tutaiona lini? Twendeni Bukoba kwa meli, tukatembee!"

Sote tulifurahi, isipokuwa Mama Mkubwa. Ndivyo tunavyomwita, maana ndiye mkubwa wetu kwa umri. Kwao ni huko huko Bukoba. Tulidhani atafurahi kuliko sisi. Kumbe sivyo. Alinyamaza, kisha akasema, "Nyinyi nendeni. Mimi nitapita nchi kavu, kwa basi."

Hatukumwuliza sababu. Lakini siku ya kukata tiketi tulimkatia na yeye, tukiomba moyo wake ugeuke.

TIKETI SI KARATASI TU

Siku ya safari tulifika bandarini Mwanza mapema. Mama Mkubwa alikuja kutusindikiza. Niliitoa tiketi yangu nikaisoma mwenyewe: jina langu, tarehe, saa ya kuondoka, daraja la tatu. Zamani ningempa mtu anisomee.

Mwenzetu mmoja hakuja. Aliamka na homa. Fundi akasema, "Tiketi yake imekwisha lipiwa. Mpwa wangu yuko hapa mjini, apande kwa jina hilo hilo. Nani atajua?"

Mama Mkubwa akageuka. "Nani atajua?" akasema. "Hilo ndilo swali langu tangu mwaka 1996."

Ndipo tulipoijua habari yake. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ikitoka Bukoba kuja Mwanza. Ilikuwa meli ya abiria 430, lakini siku ile ilibeba watu wengi kupita kiasi. Majina ya abiria wa daraja la kwanza na la pili yaliandikwa. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Kwa hiyo mpaka leo idadi kamili ya waliokufa haijulikani. Inakadiriwa ni zaidi ya 800.

Kaka yake Mama Mkubwa alikuwa anakuja kumwona dada yake aliyejifungua. Alipanda daraja la tatu.

"Nilikwenda Mwanza na mtoto mgongoni," akatuambia. "Kila palipobandikwa majina nilisimama. Wakati ule sikujua kusoma. Nilimwomba huyu anisomee, nikamwomba na yule. Wote walisema hayumo. Mimi nikawa nafikiri, labda hawakusoma yote. Mtu mzima amekwenda, na hakuna hata karatasi inayosema alikuwamo. Nikifika kwenye makaburi ya Igoma walikozikwa wengi, sijui nisimame wapi."

Fundi alivua kofia yake. Hakusema neno. Alikwenda kwa karani, akaeleza habari yote. Jina la mgonjwa likafutwa, jina la mpwa likaandikwa.

Mama Mkubwa alimfuata. Akamwuliza karani, "Mwanangu, na langu limo?" Karani akamwonyesha orodha. Mama Mkubwa akaweka kidole kwenye mstari, akasoma jina lake herufi kwa herufi, mpaka mwisho.

"Haya," akasema. "Twende."

CHUMA KINAELEAJE?

Meli yetu ilikuwa MV Victoria, iliyorudi kazini mwaka 2020 baada ya kutengenezwa upya. Inabeba abiria 1,200. Nilipoiona gatini nilijiuliza: chuma kizito namna hii kinaeleaje?

Fanya jaribio hili nyumbani. Tia msumari katika beseni la maji. Utazama. Sasa weka sufuria tupu juu ya maji. Itaelea. Kwa nini? Sufuria ni pana, tena ndani ina nafasi yenye hewa. Inayasukuma maji mengi, nayo maji yanaisukuma juu. Meli ni kama sufuria hiyo.

Sasa tia mawe madogo ndani ya sufuria, moja moja. Utaona inashuka. Ukizidisha, maji yataingia nayo itazama. Ndiyo maana kila chombo kina kiasi chake cha watu na mizigo.

Anza tena. Weka mawe machache tu, lakini yote upande mmoja. Sufuria italala upande. Tazama: mzigo haukuzidi, ila umekaa vibaya.

Yote haya yana maana ziwani. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikiwa kimekaribia kufika. Kilikuwa kivuko cha abiria 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220.

USIKU ZIWANI

Honi ililia, nikashika kiti kwa mikono miwili. Taa za Mwanza zikawa ndogo, kisha zikapotea. Pande zote giza na maji. Injini ilinguruma chini ya miguu yetu kama mashine ya kusaga.

Kabla ya kulala tulitafuta jaketi okozi zilipo. Tulisoma maelezo ya kuzivaa, tukatazama na njia ya kutokea. Mama Mkubwa alizihesabu hatua kutoka kitini mpaka mlangoni. Zilikuwa kumi na nne.

Usiku wa manane Fundi alipata kichefuchefu. Baharia mmoja alimshauri atoke apate hewa, atazame mbali, asiiname. Baada ya muda alipata nafuu, akaanza tena mzaha wake.

Mimi na Mama Mkubwa hatukulala. Alitoa daftari lake la kisomo, lile la zamani. Kwenye ukurasa wa mwisho akaandika jina la kaka yake, la baba yao, na tarehe 21 Mei 1996. Akaandika polepole, kwa maana meli ilikuwa inayumba kidogo. Kisha akasema, "Sasa ameandikwa."

Kulipopambazuka tuliiona Bukoba. Watu wengi waliinuka wakakimbilia upande mmoja kutazama. Mpwa wa Fundi naye akainuka. Mama Mkubwa akamshika shati: "Kaa, mwanangu. Bukoba haikimbii."

Tulikaa siku nne. Tulikula ndizi kwa samaki na kutembea ufukweni. Mama Mkubwa aliwaonyesha ndugu zake lile daftari. Tuliporudi kwa meli, yeye ndiye aliyetangulia kukata tiketi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa katika orodha. Watoto nao waandikwe.
2. Usisafiri kwa jina la mtu mwingine. Mwambie mtu wa nyumbani chombo unachopanda na siku unayofika.
3. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, usipande. Afadhali kuchelewa.
4. Ukipanda, tafuta jaketi okozi na mlango wa kutokea kabla ya kukaa.
5. Msikimbilie upande mmoja, hasa mnapokaribia gati.
6. Ukiwa na kichefuchefu, pata hewa na utazame mbali.

MANENO MAPYA

Gati: mahali meli inapofungwa ili watu washuke na kupanda.
Abiria: mtu anayesafiri katika chombo.
Baharia: mtu afanyaye kazi katika meli.
Jaketi okozi: vazi la kumwezesha mtu kuelea majini.

MASWALI

1. Kwa nini idadi ya waliokufa katika MV Bukoba haijulikani kamili?
2. Fanya jaribio la sufuria. Umeona nini?
3. Kama ungekuwa Fundi, ungefanya nini na ile tiketi? Zungumzeni katika kikundi.
4. Andika majina kamili ya watu wote wa nyumbani mwako. Je, kila mmoja anaweza kulisoma la kwake? Asiyeweza, anza naye leo.