MBWA WA KUFARIJI HUKO MAREKANI: KARATASI YAKE HAINUNULIWI



Jamaa nyingi zina mtoto au ndugu anayekaa Marekani. Siku moja anaweza kukuandikia hivi: «Silali vizuri, nina woga, mbwa wangu ananituliza. Lakini mwenye nyumba hataki mbwa. Nitumie dola mia moja ninunue karatasi ya mbwa.» Utacheka, kisha utatafuta feza. Kabla ya kuzituma, soma somo hili.

1. Mnyama wa kufariji ni nini?

Ni mnyama wa nyumbani, mara nyingi mbwa au paka, anayemsaidia mtu mwenye ugonjwa wa akili: huzuni nzito isiyoisha, woga mkubwa, ndoto mbaya baada ya vita au ajali. Hakufundishwa kazi yoyote. Kuwapo kwake tu kunamtuliza mgonjwa na kumfanya aamke asubuhi na kutoka nje.

Usimchanganye na mbwa wa kazi. Huyo amefundishwa tendo maalum, kama kumwongoza kipofu njiani. Sheria ya Marekani ya 1990 inamruhusu mbwa wa kazi kuingia dukani na mahali pa kulia chakula pamoja na bwana wake. Mnyama wa kufariji hana ruhusa hiyo.

2. Haki yake iko wapi?

Iko nyumbani. Sheria ya makao ya 1968 iliongezwa mwaka wa 1988 ili kuwalinda wenye ulemavu, na ugonjwa mzito wa akili umo ndani yake. Inamwamuru mwenye nyumba kulegeza kanuni zake kwa kiasi cha haki, ikiwa mgonjwa anahitaji hivyo ili akae kama watu wengine. Basi mwenye nyumba hawezi kusema tu: «Hapa hakuna mbwa», na kufunga mlango.

Mfano: katika chuo kikuu cha Kearney, jimbo la Nebraska, mwanafunzi mmoja alikatazwa kukaa na mbwa wake mdogo. Mwaka wa 2013 hakimu aliamua kwamba nyumba za wanafunzi nazo ziko chini ya sheria hiyo. Mwaka wa 2015 chuo kilikubali kulipa dola 140.000 kwa wanafunzi wawili.

Lakini haki hii ina mipaka. Mnyama akiwa mkali, au akiharibu sana, anaweza kukataliwa. Tena nyumba yenye makao yasiyozidi manne, ambamo mwenyewe anakaa, kwa kawaida haimo katika amri hiyo. Na katika ndege mambo yamegeuka: tangu Januari 2021 kampuni za ndege hazilazimishwi tena kumpokea mnyama wa kufariji, zinaweza kumlipisha kama mnyama mwingine yeyote.

3. Karatasi ya kweli ni ipi?

Sikia vizuri: serikali ya Marekani haina daftari la kuandikisha wanyama wa kufariji. Kadi yenye picha, cheti chenye muhuri wa dhahabu, koti la mbwa: vyote vinauzwa na wafanyabiashara, na havimpi mtu haki yoyote.

Karatasi yenye nguvu ni barua ya munganga, au ya mtaalamu mwingine mwenye ruhusa ya kutibu, anayemjua mgonjwa. Inasema mambo mawili: mtu huyu ana ulemavu unaomzuia katika maisha yake, na mnyama huyu anamsaidia. Haihitaji kutaja jina la ugonjwa. Katika jimbo la California, tangu 2022, mtaalamu lazima awe amemjua mgonjwa kwa siku 30 au zaidi kabla ya kuandika barua ya mbwa.

4. Mwambie mtoto wako afanye hivi

– Aende kwanza kutibiwa, amweleze munganga taabu yake yote.
– Aombe barua yenye tarehe, sahihi na namba ya ruhusa ya munganga.
– Amwandikie mwenye nyumba ombi lake, na atunze nakala.
– Akikataliwa bila sababu, apeleke mashtaka kwa wizara ya nyumba (HUD) kabla mwaka mmoja haujapita. Halipi kitu.
– Amchanje mbwa wake dhidi ya kichaa, asafishe mavi yake, alipe alichoharibu. Barua ya munganga haifuti kazi hizo.

5. Na sisi huku?

Sheria hizi ni za Marekani tu. Usizipeleke kwa mwenye nyumba wa Lubumbashi. Lakini ugonjwa wenyewe hauna mpaka. Mfanyakazi aliyeona mwenzake akifunikwa na udongo anaweza kukosa usingizi miezi mingi, kushtuka kwa kila kishindo, kugombana nyumbani, kutafuta pombe. Huyo si mwoga, wala hakurogwa. Ni mgonjwa. Mama, ukiona alama hizo kwa mume wako, mlete kwenye dispensari, hata kama yeye anasema hana neno.

Mbwa mwema anafariji, lakini hashiki nafasi ya matibabu. Basi mtoto akiomba dola mia za karatasi, umwulize kwanza: «Mwanangu, munganga umemwona?»