Kupima Nuru ya Picha

Mara nyingi tumeona picha ya arusi ambayo nguo ya bibi arusi imetoka nyeupe na kupendeza, lakini uso wake ni giza tupu, na nyanya yake aliyesimama kando hatambulikani. Hasara yake huonekana baadaye. Siku mzee akifariki, jamaa huzitafuta picha za zamani ili wapate uso wake, nao hukuta kofia na kanzu tu. Watu husema kamera ilikuwa mbovu. Kwa kawaida sivyo: kamera ilitenda kama ilivyoamriwa.

Yafaa kwanza kujua kwamba katika kamera mna mambo matatu yanayoweza kubadilishwa. La kwanza ni tundu la lenzi, ambalo hupanuka na kupungua kama mboni ya jicho. La pili ni muda ambao kilango cha ndani hukaa wazi kupitisha nuru. La tatu ni wepesi wa filamu kupokea nuru, nao huandikwa kwa namba 100, 200, 400 na kuendelea. Katika kamera zisizotumia filamu namba hiyo huitwa ISO, na hubadilishwa kwa kitufe. Namba za tundu huwasumbua wanafunzi, maana namba kubwa ni tundu dogo. Hufuatana hivi: 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila hatua hupunguza nuru kwa nusu.

Wapiga picha wa zamani wasio na chombo cha kupimia walikuwa na kanuni nzuri, nayo ni ya kweli hata leo. Jua likiwaka bila wingu, weka tundu 16, na muda uwe sehemu moja ya namba ya filamu: filamu ya 100, muda 1/100 ya sekunde, au 1/125 iliyo karibu nayo. Mawingu mepesi, tundu 11; yakizidi, 8; chini ya mti, 5.6 au 4. Mwenye kuishika kanuni hii atatambua upesi chombo kinapomdanganya.

Nacho hudanganya. Kipimo kilichomo ndani ya kamera hudhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, ni vya rangi ya kijivu ya wastani. Kikielekezwa kwenye kanzu nyeupe, au ukuta wa chokaa wa Lamu, hudhani nuru imezidi, nacho huipunguza. Basi uso mweusi hupotea gizani. Kamera na simu nyingi za sasa hujaribu kuutafuta uso zenyewe, lakini huzikosa nyingine.

Dawa yake ni kumkaribia mtu mpaka uso wake uijaze picha, kupima hapo, kuzishika namba zile zile, kisha kurudi nyuma na kupiga. Kama uso ni mweusi sana, punguza nuru hatua moja, la sivyo utatoka umepauka. Nguo nyeupe huenda ikaharibika kidogo, hasa katika kamera zisizo na filamu, ambazo weupe uliozidi haurudishiki. Kwa maoni yetu, heri nakshi za nguo zipotee kuliko macho ya mwenye kuivaa.

Lakini ni bora zaidi kuwahamisha watu. Jijini Nairobi, katika miezi ya Machi na Septemba, jua la adhuhuri huwa karibu utosini kabisa, na macho huwa mashimo meusi chini ya nyusi. Waweke chini ya mwembe au barazani, nyuso zikielekea uwanja wenye nuru. Au ngoja mpaka baada ya saa kumi. Ikiwa haiwezekani, washa taa ya kamera mchana huo huo. Wengi hucheka wakiiona, lakini huyajaza mashimo hayo.

Wala si mpigaji peke yake aliyekuwa na kosa siku zote. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilipeleka kwa wasafishaji wa picha kadi ya kulinganishia rangi iliyokuwa na sura ya mwanamke Mzungu, na ngozi yake ikawa ndiyo kipimo. Si ajabu ngozi nyeusi zilitoka vibaya.

Kwa mambo mengine maneno machache yatatosha. Mtu atembeaye, 1/125. Watoto wakimbiao, 1/500. Muda ukizidi 1/60 mikono hutikisa kamera, basi iegemeze juu ya nguzo au meza. Kwa jamaa waliopangwa safu tatu, tundu 8, ili walio nyuma nao watoke dhahiri. Kwa uso mmoja, 2.8 au 4, na vitu vilivyo nyuma vitafifia.

Jioni zetu ni fupi, na baada ya jua kutua nuru haidumu nusu saa. Ndani ya nyumba yenye taa moja weka namba 1600 au 3200. Picha itakuwa na chengachenga, lakini nyanya atatambulikana. Mketishe karibu na taa, nayo iwe upande mmoja wa uso wake, kisha mwombe atulie huku ukihesabu mpaka tatu.