Seli shina: Tuulize zimetoka wapi kabla ya kuhukumu

Wapo Waislamu ambao wakisikia kuwa wanasayansi wanapata seli za ubongo maabara, husema haraka: "Haramu, wanashindana na Muumba." Wengine hupokea kila kitu bila kuuliza. Pande zote mbili zimekosea, kwani hukumu ya jambo hutanguliwa na kulifahamu jambo lenyewe.

Seli shina ni seli ambayo bado haijapangiwa kazi. Yaweza kugeuka kuwa ya moyo, ya damu au ya neva. Mwanasayansi haiumbi, bali huiwekea mazingira. Mwaka 2009 watafiti wa New York walionesha kuwa ukizizuia ishara mbili za kikemikali, seli hizo hushika njia ya neva katika siku zipatazo kumi. Kwa njia hii maradhi kama ya Parkinson huchunguzwa bila kuugusa ubongo wa mtu aliye hai.

Basi utata uko wapi? Uko kwenye chimbuko. Mwaka 1998 James Thomson wa Marekani alizitoa seli hizo katika viinitete vya binadamu vya siku chache, navyo huharibika vikitolewa seli. Desemba 2003 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, lilijuzisha seli za watu wazima, za kitovu, na za viinitete vilivyobaki katika matibabu ya uzazi wazazi wakiridhia. Likaharamisha kutoa mimba kwa makusudi na kutengeneza viinitete ili vivunwe seli.

Kisha mwaka 2007 Shinya Yamanaka wa Japani alitangaza kuwa amezirudisha seli za ngozi ya mtu katika hali ya ushina kwa kutumia jeni nne, bila kugusa kiinitete. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Mlango wa halali ukapanuka, ila ridhaa ya mwenye ngozi bado ni sharti.

Hata hivyo, utafiti si tiba. Kuanzia mwaka 2018 Kyoto walipandikiza seli hizo katika ubongo wa wagonjwa 7 wa Parkinson, na matokeo, yenye matumaini, yakachapishwa mwaka 2025. Ni miaka mingi kwa watu saba! Kwa hiyo anayekuuzia sindano ya seli shina kwa ahadi ya kutibu kila ugonjwa, mdai ushahidi kwanza. Kula mali ya mgonjwa kwa batili ni dhulma.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila ugonjwa una dawa. Tuwasomeshe vijana wetu baiolojia na fiqhi kwa pamoja, ili wanaotoa hukumu wajue wanachokihukumu.

Wallahu a'lam.