Chati ya makosa: lini uulize, lini uache

Jumatatu zimekutwa ankara za maji 12 zenye makosa kati ya 200 zilizokaguliwa, na mkuu wa kitengo anawaita wasoma mita kuwagombeza. Jumanne zimekutwa tano; anawasifu. Jumatano kumi, kikao tena. Kama utaratibu wa kazi haujabadilika, pengine kugomba na kusifu kote huko hakusaidii kitu, kwa kuwa idadi ya makosa hupanda na kushuka yenyewe hata watu wakifanya kazi vilevile.

Mei 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi Western Electric, kampuni ya Marekani iliyotengeneza vifaa vya simu, alimwandikia mkubwa wake waraka mfupi wenye mchoro wa kutenganisha mabadiliko ya kawaida na yale yenye sababu maalumu. Kwa mchoro huo, yaani chati ya udhibiti, daftari la mistari na kikokotoo vinatosha.

Kabla ya kuchora, kubalianeni kosa ni nini. Je, namba ya mita iliyokosewa ambayo haikubadilisha kiasi cha kulipa inahesabika? Mkaguzi mmoja akisema ndiyo na mwingine hapana, chati itakuonyesha zamu za wakaguzi tu. Halafu hesabu ankara mbovu, si makosa: ankara yenye makosa matatu ni moja. Anayetaka kuhesabu kila kosa anahitaji chati ya aina nyingine.

Kagua ankara 200 kila siku, zilizochaguliwa bila upendeleo, kwa siku 25 hivi. Tuseme katika ankara hizo 5,000 umekuta mbovu 200. Wastani ni asilimia 4, na huo ndio mstari wa kati. Kwa vikomo, yaani mipaka ya mabadiliko ya kawaida, zidisha 0.04 kwa 0.96, gawanya kwa 200, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 3. Utapata karibu 0.042. Kikomo cha juu basi ni wastani ukijumlisha hiyo, kama asilimia 8.2, yaani ankara 16 kwa siku. Kikomo cha chini, wastani ukitoa hiyo, kinaangukia chini ya sifuri, kwa hiyo hakipo.

Sasa rudi kwa ankara 12 za Jumatatu. Zimo ndani kabisa. Siku hiyo hapakuwa na mtu wa kuulizwa peke yake. Ukitaka zipungue, badilisha utaratibu wenyewe: fomu, mafunzo, programu ya kuingizia namba. Zikifika 17, hapo uliza, na uliza siku hiyohiyo kabla watu hawajasahau. Nani alikuwa mgeni? Mtandao ulikatika? Njia ipi ilisomwa? Ishara nyingine ni nukta nane mfululizo (kila nukta ni asilimia ya siku moja) upande mmoja wa mstari wa kati, hata kama hakuna iliyovuka kikomo. Kitu kimesogea.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni bosi kuchora lengo lake, tuseme asilimia 2, na kuliita kikomo. Vikomo hutoka kwenye kazi yenyewe jinsi inavyokwenda. Lengo la mkubwa likikaa mahali pa vikomo, karibu kila siku itaonekana ni siku ya dharura, na wafanyakazi watajifunza haraka sana jinsi ya kuficha makosa.

Nukta ya siku zile 25 za mwanzo ikiwa nje ya kikomo, itoe kwenye hesabu endapo tu sababu yake imejulikana na kuondolewa. Kuifuta kwa kuwa inaharibu mchoro ni kujidanganya. Ukubwa wa sampuli ukibadilika, vikomo navyo vinabadilika: ukikagua 50 tu, kikomo cha juu kinapanda hadi asilimia 12.3, na matatizo mengi yatapita bila kuonekana.

Kwa wastani huu wa asilimia 4, kikomo cha chini hupatikana sampuli ikizidi ankara 216. Ukimudu kukagua 250, fanya hivyo, maana siku isiyo na ankara mbovu hata moja nayo itaonekana kuwa ishara. Ichunguze kama ile ya 17: huenda kuna msoma mita aliyebuni njia nzuri, huenda pia mkaguzi aliweka sahihi bila kusoma. Mkishabadilisha utaratibu na makosa yakashuka kwa wiki kadhaa, kokotoa vikomo upya kwa siku hizo mpya.