Somo Letu: Injini ya Dizeli Katika Pikapu ya Familia

Kikundi kimoja cha wakulima wa mboga kutoka milima ya Taita kilituletea swali ambalo tumelisikia pia kwa vikundi vingine. Familia moja kati yao ina pikapu ya Toyota Hilux ya miaka ya 1980, waliyoachiwa na marehemu mzee wao. Bodi bado ni nzima na chasisi haijaoza, lakini injini ya petroli imechoka na inakunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Pikapu hiyo ndiyo inayobeba kabeji na nyanya za wanakikundi wote. Fundi wao amesema, "Toeni hii petroli tuweke dizeli, mtanishukuru." Sasa familia inataka kukopa pesa za kikundi. Je, wapewe?

Ndugu wanakikundi, kazi hii inawezekana na imefanywa mara nyingi. Shida ni kwamba wengi wetu tukisikia "kubadilisha injini" tunafikiria ile injini peke yake. Kumbe injini ya dizeli huja na ndugu zake, na ukiwaacha ndugu hao dukani, unaweza kulipa kwa kitu kikubwa kuliko pesa.

Kwanza tuelewe tofauti. Mjerumani Rudolf Diesel alipewa hati ya uvumbuzi wake mwaka wa 1893, na injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilionyeshwa mwaka wa 1897. Aliyewahi kujaza baiskeli upepo anajua kwamba pampu hupata moto mkononi. Hewa ikibanwa, hutoa joto. Injini ya petroli ya zamani hubana hewa na mafuta pamoja mara 8 au 9 hivi, kisha plagi hutoa cheche. Injini ya dizeli hubana hewa peke yake, mara 20 na zaidi kwa hizi za zamani, mpaka inakuwa moto kiasi kwamba dizeli ikinyunyizwa na nozo inawaka yenyewe. Ndiyo sababu dizeli haina kabureta wala plagi za cheche. Na ndiyo sababu ni nzito: chuma chake lazima kistahimili kubanwa huko. Uzito huo unabebwa na springi za mbele, kwa hiyo fundi azikague kabla ya kuweka injini juu yake.

Sasa hesabu. Chukueni ubao na chaki. Tuseme pikapu ya petroli inakwenda kilomita 8 kwa lita, na ile ya dizeli kilomita 10. Tuseme petroli ni shilingi 180 na dizeli 170. Hizi ni bei za mfano tu. Bei za kweli hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, wekeni hizo. Gharama yote, yaani injini, giaboksi, fundi, vitu vidogo vidogo na karatasi, tuseme ni shilingi 330,000.

Familia inayopeleka mboga soko la Kongowea, Mombasa, mara moja kwa wiki hutembea karibu kilomita 400 kwenda na kurudi. Kwa mwaka ni kama kilomita 20,000. Petroli itakula lita 2,500, yaani shilingi 450,000. Dizeli itakula lita 2,000, yaani shilingi 340,000. Wanaokoa shilingi 110,000 kwa mwaka, na gharama inarudi kwa miaka mitatu.

Lakini familia inayoishia Voi mara moja kwa wiki, pamoja na vijisafari vya nyumbani, haizidi kilomita 5,000 kwa mwaka. Hao wataokoa shilingi 27,500 tu. Itawachukua miaka 12! Afadhali watengeneze ile ile injini ya petroli waliyo nayo, na pesa zinazobaki wanunue tangi la maji. Zamani dizeli ilikuwa nafuu sana kuliko petroli na watu walibadilisha bila kufikiri. Siku hizi tofauti ya bei pampuni ni ndogo, kwa hiyo faida iko katika kilomita. Anayekwambia "dizeli ni rahisi" bila kuuliza gari lako hutembea wapi, huyo anauza injini.

Tukubali kwamba kilomita zinatosha. Mtanunua nini? Bahati nzuri ni kwamba Toyota wenyewe waliuza Hilux ya wakati huo ikiwa na dizeli pia. Injini yao iitwayo 2L ina ujazo wa sentimita 2,446, na ile ya 3L iliyofuata ina 2,779. Maana yake ni kwamba vishikio vya injini, bomba la moshi na radieta yake vilitengenezwa kiwandani na vinapatikana kwa wauza spea. Fundi anayetaka kuchomelea vipande vya chuma kwenye chasisi ili injini nyingine yoyote ikae, mwambieni asante, tutarudi. Na giaboksi ya petroli haiingiani na injini hizi, lazima mnunue ya dizeli, pamoja na klachi. Tunavyoona sisi, njia nzuri zaidi ni kupata gari lililokatwa upande wa mbele, injini na vyote vyake vikiwa bado vimefungwa mahali pake. Bei ni juu kidogo, lakini hamtarudi mjini mara saba kutafuta bolti na mabomba.

Msinunue injini iliyolala sakafuni imepakwa rangi. Ombeni iwashwe, na mwiguse kwanza kama ni baridi, kwa sababu muuzaji mjanja huipasha moto kabla hamjafika. Ikiwa inanguruma, fungueni kifuniko cha kujazia oili. Moshi mwingi ukipuliza hapo, ringi zimekwisha. Moshi wa bluu nyuma ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto unaweza kuwa maji yanayopita kwenye gasketi, au hedi iliyopasuka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ondokeni. Mkishanunua, badilisheni mkanda wa taimingi kabla ya injini kuingia garini, hata muuzaji akiapa kwamba ni mpya. Katika injini hizi mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika, valvu hugonga pistoni, na injini mliyoikopea imekwisha.

Sasa tufike pale tulipotaka kufika, yaani breki.

Miaka michache iliyopita familia nyingine, huko huko Taita, ilibadilisha injini kama hivi. Injini ilikuwa nzuri. Muuzaji aliitoa bila altaneta, akapunguza bei kidogo, na wao wakafurahi. Fundi akatafuta njia ya kufunga altaneta ya ile injini ya petroli. Taa zikawaka, betri ikachaji, kila mtu akasema kazi safi. Siku ya soko mmoja wetu aliomba lifti, wakateremka kutoka Wundanyi kuelekea Mwatate wakiwa na mzigo wa kabeji. Anayeijua barabara ile anajua kona zake. Kwenye kona ya tatu au ya nne kijana aliyekuwa akiendesha alisema kwa sauti ndogo, "Breki imekuwa jiwe." Alikuwa ameikanyaga kwa miguu yote miwili. Mungu ni mwema, kijana alikuwa na akili. Alirudisha gia ya pili, kisha ya kwanza, akaiegemeza pikapu kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima mpaka ikasimama. Kabeji zilimwagika, mlango ukabonyea, hakuna aliyeumia.

Mama mwenye gari alimrudia fundi. "Fundi, breki zimekuwa mawe." Fundi akajibu, "Hiyo ni hewa imeingia, mama, tutaitoa." Akaitoa. Akabadilisha pedi. Akaitoa hewa tena. Breki zikabaki vile vile, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye breki.

Nyuma ya pedali ya breki, upande wa injini, kuna kopo kubwa jeusi la duara ambalo mafundi huliita busta. Ndilo linalousaidia mguu wako. Linafanya kazi kwa mvuto wa hewa. Injini ya petroli ikivuta pumzi huwa imebanwa na kile kikopeo cha kabureta, na mvuto huo ndio unaopelekwa kwenye busta kwa mpira. Injini ya dizeli hupumua wazi, haina mvuto wa kutosha. Kwa hiyo Toyota waliweka pampu ndogo ya kuvuta hewa, na waliiweka wapi? Mgongoni mwa altaneta. Familia ile iliiacha pampu ya breki dukani bila kujua, kwa sababu ilionekana kama kitu cha umeme.

Kwa hiyo altaneta ya dizeli lazima ije na pampu yake, na mabomba yake mawili ya oili yafungwe, lile la kuingiza na lile la kurudisha, kwa maana pampu hiyo hulainishwa na oili ya injini. Bila oili itakwama. Bomba likivuja, mtapoteza oili ya injini njiani.

Kupima ni rahisi, hata asiyejua gari anaweza. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Iache mguu ukiwa juu yake, kisha washa injini. Pedali inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu wako. Isipozama, gari hilo lisiteremke mlima wowote.

Mengine tunayapitia upesi. Tangi lioshwe mpaka petroli yote iishe, na liwe na bomba la kurudisha dizeli inayobaki. Chujio liwe lile lenye kikombe cha kutega maji, na maji yamwagwe mara kwa mara. Betri iwe kubwa zaidi, kwa kuwa stata ya dizeli na hita plagi si mchezo asubuhi ya baridi. Mnunue dizeli kwenye kituo mnachokijua. Kuchanganya dizeli na mafuta ya taa kulikuwa kumeenea hata serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018 ili kuukomesha mchezo huo. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa ni makavu.

Karatasi nazo. Namba ya injini na aina ya mafuta zimeandikwa kwenye logbuku. Mkibadilisha injini bila kubadilisha logbuku, gari lenu barabarani si lile lililoandikwa, na siku ya ajali bima wana sababu ya kuuliza maswali. Dai risiti yenye namba ya injini; asiyetaka kuiandika, huenda injini ni ya wizi. Kisha ombeni mabadiliko NTSA na mpeleke gari likaguliwe, halafu mwambieni wakala wa bima.

Kile kikundi kilichotuuliza kiliandika kilomita kwa miezi miwili. Pikapu yao huenda Kongowea kila wiki, na wakati wa nyanya mara mbili. Wamekubali kuikopesha familia, lakini pesa zitoke kwa mafungu matatu: la kwanza wanakikundi wawili wakishaisikia injini ikiwaka kutoka baridi, la pili gari likishapimwa breki mbele ya mweka hazina, na la mwisho, ambalo ndilo la fundi, logbuku mpya ikitoka. Fundi alinung'unika kidogo, kisha akakubali. Wiki ambazo pikapu itakuwa gereji, mboga zitabebwa na mwanakikundi mwingine kwa nauli ile ile.